Kabati la Amana

Mwalimu hakuwahi kuniambia uongo. Hili naliandika mwanzo kabisa, kabla sijakasirika, maana nikishakasirika sitamtendea haki. Na yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba anayejaza karatasi kwa hasira hukosea tarehe.

Alizaliwa wapi, kwa nani, alifika Maskati na nani, hayo siyagusi. Wapo wanaoyajua na wanapenda kuyasimulia, tena kila mmoja kwa namna yake. Mimi nilimjua kama mtu wa ghorofa ya pili. Sisi tulikaa ya tatu, katika jengo moja pale Al Khuwair, nyuma ya barabara kuu, ambako asubuhi wafanyakazi wa wizara hupigiana honi kama kwamba honi ndiyo itakayosogeza foleni. Yeye hakuwa na haja ya gari. Wizara yake ilikuwa karibu, akienda kwa miguu, mkoba kwapani, kanzu imenyooka haina kunjo, na kilemba kilichofungwa vizuri kuliko vya vijana.

Wala hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa karani na mfasiri wa wizara, lakini kila siku baada ya swala ya alasiri alitukusanya watoto wa jengo zima sebuleni kwake akatusomesha Kiingereza na mwandiko. Mwandiko ndio alioupenda zaidi. Alikuwa akitushika mkono, akituongoza, akisema, "Herufi isimame. Herufi iliyolala ina kitu inaficha." Mpaka leo herufi zangu ni zake. Nikiandika orodha ya sokoni, namuona.

Kalamu zake zilikuwa tatu. Nyeusi ya kujazia fomu, ya buluu ya kutilia saini, na nyekundu ambayo sikuwahi kumuona akiitumia. Nilimuuliza siku moja ni ya nini. Akasema ni ya siku atakayokosea. Nilikuwa na miaka tisa, nikaamini kwamba siku hiyo haitafika.

Kwa sababu ya kalamu hizo, watu wetu wote walimletea karatasi zao. Nikisema watu wetu nakusudia familia zilizotoka Unguja, na waliotoka bara pia, wenye Kiswahili nyumbani na Kiarabu cha ofisini kinachowatoa jasho. Fomu za viwanja, za shule, za hospitali, za viza za watoto wanaokwenda kusoma Ulaya, zote zilipita katika meza yake. Kwanza aliosha mikono. Kisha aliisoma fomu kutoka mwisho kwenda mwanzo, akianzia na yale maandishi madogo madogo ya chini, kwani huko, alisema, ndiko wanakoficha. Halafu alikuuliza kila swali mara tatu, na ole wako jibu la tatu lisifanane na la kwanza.

Shangazi yangu mmoja alikwenda kujaziwa fomu na akataka apunguziwe miaka mitano, mitano tu. Mwalimu akaweka kalamu chini, akamtazama kwa upole kabisa. "Bibi, na hiyo miaka mitano nkuwekee wapi? Kabatini kumejaa." Shangazi alipanda kwetu akifoka, akaapa hatarudi tena. Wiki ya pili alirudi, na umri wake kamili, na sahani ya mkate wa ufuta.

Huo ndio ulikuwa ujira wake, kitu cha kula. Hakupokea kingine, na sahani yako haikurudi tupu hata siku moja. Lakini mtu huyo huyo alikuwa bahili wa chai wa kutisha. Kijiko kimoja cha majani ya chai alikitumia kwa vikombe vinne, na kikombe cha nne alikinywa mgeni. Mkewe akitutazama sisi watoto tukikunja uso alikuwa akicheka mpaka anashika mlango.

Na alikuwa mwizi wa karata. Hili watu wa karatasi hawakulijua, tulilijua sisi wa sebuleni. Ijumaa tukicheza naye alificha karata nzuri chini ya mto, akachungulia mikono yetu, akaiba waziwazi. Tukipiga kelele, "Mwalimu unadanganya!" alijibu bila haya, "Karata si fomu." Tulicheka sana kwa jibu hilo. Nilipokuwa mkubwa nililisimulia hata kwa wakwe zangu.

Sasa nije kwenye kabati, kwa sababu kila kitu kimo humo.

Lilikuwa la chuma, la kijivu, wizara ililitupa ilipobadilisha samani, naye akaliomba. Akaliweka chumbani kwake, miguuni pa kitanda. Mkewe alilalamika kwamba analala na Maskati nzima. Humo watu waliweka amana: vyeti vya kuzaliwa, hati za ndoa, wasia, pasipoti za watoto ambao wazazi wao walikuwa hawaaminiani, barua ambazo hazikutakiwa zisomwe mpaka mtu afe. Kwa nini wasiweke benki? Wangeweza. Lakini benki haikujui wewe wala mama yako.

Alikuwa na sharti moja. Kila mtu aje na kitambaa chake, afunge mwenyewe, kwa fundo lake mwenyewe. Yeye hafungi, wala hafungui. "Fundo lako ndilo shahidi wako," alisema. "Siku ukija kuchukua, litazame kwanza. Likiwa si lako, nshike." Baba yangu alipofariki, Mwalimu alipanda ngazi siku ya tatu ya matanga na kifurushi cha leso ya samawati. Kilikuwa kimekaa kwake miaka kumi na moja. Mama alilitazama fundo, akalijua, akaanza kulia kabla hajajua ndani mna nini. Tangu siku ile, kwangu mimi, kabati lile lilikuwa na heshima ya kaburi.

Siri hakutoa. Jirani mmoja wa kike alimjia akimuuliza kama ni kweli mumewe ameomba kiwanja Al Amerat kwa jina la mwanamke mwengine. Fomu ilikuwa imejazwa na Mwalimu, hilo alilijua. Mimi nilikuwa pembeni nikiandika imla. Mwalimu akamwambia, "Muulize mwenye karatasi." Yule mama akalia. Mwalimu akamtilia chai, akakaa naye mpaka akanyamaza, na neno la pili hakulisema. Nilimuona mkubwa sana siku ile. Siku hizi najiuliza yule mama alirudi nyumbani na nini.

Na kulikuwa na neno lake la wizarani, alilirudia mara nyingi, baada ya miaka thelathini ya kukaa nyuma ya dirisha la karani. "Mtu akikwambia hapana, unamchukia. Serikali ikikwambia hapana, unachukua namba yako unakaa kwenye kiti." Alilisema akicheka. Nami nilicheka.

Mume wangu alikuwa mhandisi katika kiwanda kimoja Rusayl. Kisha akapata kazi Amerika, kwa viza ya kazi, nasi tukamfuata kwa viza ya wanaomtegemea: mimi, binti yangu Thuwaiba, na mdogo wake Salum. Tulikaa miaka miwili. Watoto walikuwa na kitanda cha ghorofa, Thuwaiba juu na Salum chini, na kila asubuhi walipigania nani atafungua pazia aone kama theluji imeanguka. Kisha mama yangu akafanyiwa operesheni ya nyonga. Nikarudi Maskati na watoto, tukakaa kwake, katika nyumba yake mpya Al Amerat ng'ambo ya milima. Makubaliano na mume wangu yalikuwa wazi. Mama atasimama, nasi tutarudi kabla shule za kule hazijafunguliwa. Viza zetu zilikuwa zinakwisha mwezi ule ule, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kuchelewa.

Mwezi wa pili tangu tufike, mume wangu akapiga simu. Mhasibu wake wa kodi kule amemwambia kwamba watoto hawana namba. Wenyeji wana namba yao tangu kuzaliwa, lakini mtoto aliyeingia kwa viza ya kumtegemea mzazi haipati hiyo. Hupewa namba nyingine, ya walipa kodi, ili baba aweze kumuandika katika hesabu zake za mwaka. Nikacheka. Salum alikuwa na miaka minne, kodi gani? Lakini ndivyo ilivyo. Kuna fomu, moja kwa kila mtoto, na pamoja nayo wanataka pasipoti yenyewe, au nakala iliyogongwa muhuri na ofisi ile ile iliyoitoa pasipoti. Muhuri wa wakili hawautaki.

"Ntakwenda kwa Mwalimu," nikamwambia.

"Kwa Mwalimu? Basi khalas, limekwisha." Nilimsikia akipumua kwa raha.

Nikavuka milima mpaka Al Khuwair. Mwalimu alikuwa ameshastaafu, amepungua mwili, lakini alipoziona zile fomu aliamka kama mtu aliyeitiwa ngoma. Akaosha mikono. Akaanza na maandishi madogo. Akafika kwenye tarehe ambayo watoto waliingia Amerika kwa mara ya kwanza.

"Mwezi wa nane," nikasema, "tarehe kumi hivi, au kumi na moja."

"Hivi?" Akanitazama juu ya miwani. "Wewe n'nakusomesha miaka yote hiyo, unaniletea hivi?"

Akatoa kioo cha kukuzia, akafungua pasipoti ya Thuwaiba, akausaka ule muhuri wa uwanja wa ndege mpaka akaupata. Ilikuwa tarehe kumi na mbili. Akafurahi kama kwamba ameokota pete. Akaandika polepole, herufi zimesimama, jina la binti yangu, la babake, la babu yake, kisha fomu ya Salum. Nikatia saini kwa kalamu ya buluu. Akaandika na bahasha kabisa, anwani yote.

Fomu zilitakiwa ziende pamoja na hesabu za kodi za mume wangu, na hizo zilikuwa bado hazijafika kutoka kwake. "Zikifika, ntazitia zote katika bahasha moja, ntazipeleka posta kwa mkono wangu," akasema. "Kwa sasa funga; siku hiyo ntalikata fundo kwa idhini yako."

Nilikuja na leso ya mama. Mama hufuma kofia, na nyuzi zimejaa nyumbani kwetu mpaka kwenye sukari. Nikazifunga pasipoti mbili ndani yake kwa uzi wa kijani, kwa fundo la mama, lile analolizungusha mara tatu kisha akapitisha ncha chini na kuivuta ndani isionekane. Mwalimu akalitazama akatikisa kichwa. "Hilo halifunguki bila mkasi," akasema. Kifurushi kikaingia kabatini.

Wiki mbili baadaye mume wangu aliniambia hesabu zake ameshazituma kwa Mwalimu. Nikampigia Mwalimu.

"Mwalimu, shikamoo. Zimefika za baba Thuwaiba?"

"Marahaba, mwanangu. Zimefika, n'nazo hapa."

"Al-hamdulillah. Basi sasa ni kungoja?"

"Ni kungoja. Wenyewe wameandika wiki saba, na ukiwa msimu wa kodi huzidi."

Nikangoja. Kila mtu anajua kwamba ofisi ya kule hukaa na pasipoti za watu, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Wiki ya sita nikampigia tena, nikamuuliza kama kuna khabari. "Mpaka leo sijasikia kama kuna kilichopotea," akanijibu. Wiki ya tisa nikamuuliza wamechelewa kwa nini. "Mambo haya huchukua muda, Bibi. Weye mama anaendeleaje, anatembea?" Nilimueleza habari za mama kwa nusu saa. Aliuliza mpaka jina la dawa.

Mama alisimama. Alianza na fimbo, kisha bila fimbo. Nilinunua masanduku. Thuwaiba alimuandikia barua rafiki yake wa kule, akamwambia amuwekee kiti. Salum alianza kumsahau babake uso, akimuona kwenye simu anauliza, "Huyu amevaa shati la Baba?" Mume wangu kila nikimuuliza alisema pasipoti bado wanazo, tuvute subira. Siku thelathini kabla ya viza kwisha nilikwenda Al Khuwair mwenyewe. Nilikaa mbele ya Mwalimu nikamwambia wazi.

"Mwalimu, viza inakwisha mwezi ujao. Isipopatikana pasipoti, hatuna tena pa kupitia."

Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kanzu.

"Najua, mwanangu," akasema. "Tarehe n'meisoma kwa macho yangu."

Nilimhurumia. Wallahi nilimhurumia, nikadhani anaumia kwa ajili yangu. Nilimbusu mkono nilipoondoka.

Viza zilikwisha siku ya Alkhamisi. Jumapili Mwalimu alinipigia akasema amana yangu iko tayari, nikaichukue. Nilipita ile barabara ya mlimani nikilia, nikiwatukana maafisa wa kodi wa Amerika mmoja mmoja, watu nisiowajua hata majina. Nilipofika alikuwa ameketi mezani. Chai ilikuwa tayari, nyeusi, yenye rangi. Alikuwa ametumia majani mapya. Hapo ndipo ningetakiwa kujua.

Akanisogezea leso ya mama. Juu yake, uzi wa kijani. Nikanyoosha mkono kuchukua, na desturi ya miaka yote ikanijia yenyewe, nikalitazama fundo.

Lilikuwa langu. Mizunguko mitatu, ncha imepita chini, imevutwa ndani. Hakuna mtu wa posta Amerika anayelijua fundo la mama yangu.

"Mwalimu," nikasema. "Hazikwenda."

"Hazikwenda."

"Hazikutoka kabatini."

"Hazikutoka." Alikuwa akitazama meza. "Mumeo alinipigia, siku alipozituma zile hesabu. Aliniomba nsizipeleke. Hataki mrudi kule. Anasema atakuja yeye akimaliza mkataba, na watoto wakulie hapa. Akikwambia mtagombana, naye hawezi kugombana nawe. Viza ikiisha yenyewe, hapana wa kumlaumu."

"Na wewe ukakubali."

"Yeye ndiye baba yao. Na aliloniambia ni siri yake, miye siri ya mtu sitoi. Unanijua."

"Nani aliyeweka amana hii, Mwalimu? Mkono wa nani uliofunga?"

Alisema, "N'likuwa n'nakuokolea nyumba yako. Mume akisema hapana, watu huachana. Serikali ikisema hapana, watu husubiri, basi."

Mkewe alisimama mlangoni na sahani mkononi, hakujua aingie au arudi. Mimi nilisimama. Niliyoyasema sikuyapanga. "Karata si fomu, Mwalimu. Hukusema hivyo? Sasa umecheza karata na wanangu." Nilimwambia kwamba kwa mume nilikuwa nimeshajiandaa, mwanamke yeyote mwenye akili ana akiba kidogo ya shaka kwa ajili ya mume. Kwake yeye sikuwa na akiba. Kwake yeye nilikuwa mtoto wa miaka tisa nimeshikwa mkono naandikishwa herufi. Nikatoka, chai sikuigusa.

Nyumbani nililikata fundo kwa mkasi. Nikayarudia mazungumzo yetu yote ya simu, sentensi kwa sentensi. Kila alichonijibu kilikuwa kweli. Zimefika, ninazo. Wameandika wiki saba. Sijasikia kilichopotea. Mtu aliyeniongopea ningeweza kumwambia muongo nikapumzika. Huyu alinisimamisha mbele ya ukweli wake kila nilipomuuliza, nikaondoka nikishukuru.

Nyumba aliyoiokoa haikumaliza mwaka. Kuomba viza upya kulihitaji barua za mume wangu na za mwajiri wake, na barua hazikuja. Alipokuja likizo nilimuwekea uzi ule wa kijani juu ya meza. Akasema kweli hakujua angenieleza vipi. Tuliachana bila kelele. Watu walisema ni Amerika iliyotuvunja, umbali, mambo ya viza. Sikuwasahihisha. Haikuwa Amerika. Angeniambia hapana kwa mdomo wake ningelia siku tatu, ningemnunia mwezi, na huenda mpaka leo ningekuwa namuwekea sahani ya chakula.

La Mwalimu sikumwambia mtu, ila mama. Watu waliendelea kumpelekea vifurushi vyao, nami nikijua, nikinyamaza. Hapo najikasirikia mwenyewe. Alinisomesha vizuri mno.

Miaka miwili ikapita. Kisha mkewe akanipigia. Sauti yake ilikuwa ndogo. Mwalimu macho yamekwisha, jicho moja halioni kabisa na la pili linaona kivuli. Binti yao yuko Ulaya, amejifungua, na Mwalimu anataka kwenda wakati bado anaona japo kidogo. Kuna fomu ya viza. "Anasema hataki mwandiko wa mtu mwengine. Anakutaka wewe, mwanangu. N'meshamwambia hutokuja."

Nilikwenda. Sijui kwa nini nilikwenda. Labda nilitaka anione, kisha nikakumbuka haoni.

Alikuwa mezani pale pale, kanzu imenyooka, kalamu tatu mbele yake. Akaniamkua kwa kuijua hatua yangu. Mkewe akaleta bakuli, Mwalimu akaosha mikono, nami nikaosha. Nikaisoma fomu kutoka mwisho. Nikamuuliza kila swali mara tatu, na alijibu mara tatu sawasawa, na kwa muda, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa mdhamini. Mtu asiye ndugu, anayemjua muombaji kwa zaidi ya miaka kumi, aandike kwa mkono wake. Nikamsomea.

"Niandike nani, Mwalimu?"

"Jiandike weye." Alisema upesi. Alikuwa ameshalifikiria. "Hapana anijuaye kuliko weye."

Nikaandika jina langu. Nikaandika kazi yangu, na miaka niliyomjua, thelathini na moja. Chini yake kulikuwa na kisanduku kimoja na mistari mitatu: mdhamini athibitishe kwamba muombaji ni mtu wa kuaminika, na aeleze kwa nini anasema hivyo. Kalamu nyeusi nilikuwa nimeishika. Herufi zilisimama juu ya karatasi mpaka neno la mwisho la ile miaka, kisha mkono ukakataa.

Nilikaa. Nje barabara kuu ilikuwa ikinguruma. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa, akisikiliza kalamu.

"Umemaliza?"

"Nimeandika jina langu na miaka yote niliyokujua," nikasema. "Nimeandika kwa herufi ulizonifundisha."

Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. Alizijua sentensi za namna hiyo. Zilikuwa zake.

"Kisanduku cha chini hujakijaza," akasema.

"Sijakijaza."

Mkewe akasema, "Mwanangu, neno moja tu, anakwenda kumuona mjukuu." Mwalimu akamnyamazisha kwa mkono.

"Anajua kuandika uongo?" akamuuliza mkewe. "N'limsomesha mimi. Usimfunze leo." Kisha akanigeukia, akitafuta uso wangu kwa lile jicho la kivuli, akakosea, akawa anazungumza na bega langu. "Kiache hivyo hivyo. Ipelekwe. Wakikataa, basi, itakuwa serikali imekataa."

Alisema kwa upole. Nadhani alikusudia kunisaidia, anitue mzigo, kama alivyodhani anatutua sisi sote siku zile.

"Hapana, Mwalimu," nikasema. "Wakikataa, nitakuwa nimekukatalia mimi. Nataka ujue kuwa ni mimi. Nakwambia nikiwa nimekaa mbele yako."

Nilidhani atanifukuza, na ningeondoka. Kisha akapapasa mezani akaipata kalamu ya buluu, akanyoosha mkono wake juu ya karatasi, ukawa unatangatanga.

"N'shike mkono," akasema. "Nionyeshe pa kutia saini."

Nikaushika mkono wake, nikauongoza mpaka kwenye mstari.